Meza, Usiteme

Maumivu yalianza Ijumaa usiku, nikiwa naandika maelezo ya nyumba ya kukodisha ya Mtaliano mmoja kule Casuarina. Alitaka maneno 300 kuhusu bwawa la kuogelea na minazi iliyo kando yake. Nilipofika neno la 120 nikahisi kitu kinadunda mwisho kabisa wa taya, chini kushoto. Nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikarudi kwenye bwawa, nikamaliza, nikatuma. Asubuhi mdomo ukakataa kufunguka.

Sitii chumvi. Ulifunguka kiasi cha kupitisha kijiko cha chai, tena kwa kukilaza ubavu. Mamangu anauza mahamri na mbaazi hapa Maweni tangu niko darasa la pili, na nyumba yetu ndiyo ya mwisho Malindi nzima ambapo mtu anaweza kukosa hamri. Siku hiyo nililiangalia tu. Nikalichovya kwenye chai mpaka likawa uji, nikalifyonza.

"Kwani umenuna?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha shavu.

"Ni hilo gego la mwisho," nyanya akasema kutoka kwenye mkeka wake, bila hata kunisogelea. "Wengine huliita jino la hekima. Lako limechelewa."

Walicheka. Mie sikuweza kucheka hata ningetaka, na pia nilikuwa na sababu ya kutotaka. Hekima ilikuwa mada nyeti kwangu wakati huo. Nilikuwa na miaka 24, nimerudi nyumbani kutoka bara mwezi wa Septemba, na nilikuwa nimemwambia mama kwamba wahadhiri wamegoma. Huo haukuwa uongo. Septemba 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma Kenya nzima walikuwa wamegoma kweli, redio zilitangaza kila siku. Nilichoacha kusema ni kwamba mgomo haukunihusu. Nilikuwa nimeacha chuo tangu Januari.

Sitaeleza sana kwa nini. Deni la karo, mitihani miwili niliyozuiwa kufanya kwa sababu ya deni hilo, kisha mwaka wa kurudia masomo ambayo hata mara ya kwanza sikuyapenda. Wakati huohuo nilikuwa napata kazi ndogondogo za kuandika, na siku moja muhula ukaanza mie nikawa sijaenda. Hakukuwa na uamuzi mkubwa. Niliamka tu nikaendelea kuandika.

Lakini Agosti mama alikuwa amenitumia shilingi 40,000 za karo. Zilikuwa kwenye simu yangu, sijazigusa. Kila siku nilijiambia nitazirudisha nikishapata namna ya kulisema lile jambo. Kumbuka hizo 40,000.

Hii haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Machi shavu lilivimba, nikaenda duka la dawa, nikapewa vidonge vya rangi mbili bila mtu kuangalia mdomo wangu. Uvimbe ukashuka kwa siku tatu. Juni ukarudi, nikarudi dukani, nikapewa vilevile. Mara zote mbili nilihisi mjanja: nimetibiwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Kitu ambacho hakuna aliyenieleza dukani ni hiki. Jino la mwisho likitoka nusu, ufizi hubaki umelifunika upande mmoja, kama kifuniko kilichoinuka. Chini ya kifuniko hicho chembe za chakula huingia na mswaki haufiki. Hapo vijidudu hustawi, ufizi huvimba, wakati mwingine usaha hutoka, na misuli ya kutafunia iliyo jirani hukakamaa. Ndiyo maana mdomo haufunguki. Dawa hutuliza maambukizi, ila haiondoi kifuniko wala jino. Kwa hiyo ugonjwa ukirudi haimaanishi dawa ilikuwa feki. Ulikuwa pale pale unasubiri.

Nyanya alikuwa na dawa yake: karafuu. Alinipa moja nizungushe kando ya ufizi, ladha ikawa kali mpaka machozi, kisha ganzi tamu ikatambaa. Nilidhani ni mambo ya kizamani. Tutairudia karafuu.

Hospitali ya kaunti hapa Malindi ina idara ya meno, na ile ya rufaa ya Kilifi pia. Huko ndiko ningeanzia kama ningekuwa na akili timamu, maana gharama ni nafuu zaidi. Lakini nilimwogopa mtu yeyote wa foleni ambaye angemwambia mama nini nimeulizwa na nini nimejibu. Malindi ni mji mkubwa hadi uwe na siri. Nikapanda matatu mpaka Kilifi, kilomita kama 60, Gede, Matsangoni, Tezo, kila tuta nikilisikia kwenye taya, nikaenda kliniki ya binafsi ambapo hakuna anayenijua.

Daktari alikuwa mwanamke, mpole, mwenye haraka. Aliangaza tochi kwenye ule mlango mdogo uliobaki. Hakuling'oa siku hiyo. Alisafisha chini ya kifuniko kwa bomba la sindano lililojaa maji ya dawa, akaniandikia dawa kwa sababu nilikuwa na homa na mdomo umefunga, akaniambia nirudi uvimbe ukiisha. Sindano ya ganzi haifanyi kazi vizuri kwenye nyama iliyovimba kwa maambukizi, alisema. Halafu akanipeleka kupigwa picha ya eksirei ya taya zima. Mashine inakuzunguka kichwa huku umeuma kijiti. Shilingi 2,500. Nililipa kwa zile 40,000. Nikajiambia nimekopa tu.

Picha ile sijaisahau. Meno yangu yote yamejipanga kama ukuta wa matumbawe. Mtu mzima huwa na meno 32, na manne ya mwisho, moja kila pembe, kwa kawaida hutoka kati ya miaka 17 na 25. Wengine hawana yote manne, wengine hawana hata moja, na si ugonjwa. Mie nilikuwa nayo matatu. Mawili ya juu yalisimama wima, hayana neno. La chini kulia halikuwahi kuumbwa. La chini kushoto lilikuwa limelala, kichwa kimeegemea gego la mbele yake, kama abiria wa usiku aliyesinziia kwenye bega la jirani asiyemjua.

"Unaona huyu?" daktari akaonyesha gego lililoegemewa. "Huyu ndiye ninayemwonea huruma. Akiendelea kuegemewa anaweza kuoza upande ambao hutauona."

Wakati anazungumza nilikumbuka makala niliyowahi kuandika kwa shilingi 800 kuhusu Panga ya Saidi. Ni pango lililo huku huku Kilifi, juu kwenye vilima vya nyuma ya pwani. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kwamba humo kulizikwa mtoto miaka 78,000 hivi iliyopita, kaburi la zamani zaidi la binadamu linalojulikana Afrika. Walimwita Mtoto, hivyo hivyo kwa Kiswahili. Mifupa ilikuwa laini kama unga, ikabidi wachukue bonge zima la udongo. Na kilichowafanya wahisi kwamba ndani yake mna binadamu ni meno mawili yaliyojitokeza walipokuwa wakilichimba bonge hilo makumbusho ya Nairobi. Meno hayohayo yakasaidia kusema umri wake: miaka miwili na nusu hadi mitatu. Nikiangalia picha yangu nikawaza kwamba mtu akinifukua mie miaka 78,000 ijayo atajua nilikuwa mtu mzima. Jino ni shahidi. Wangu tu ndio hawakuwa wanajua.

Nilimuuliza daktari lile swali ambalo kila mtu anafaa kuuliza: lazima ling'olewe? Akanijibu kwamba si kila jino la mwisho linafaa kutolewa. Kuna miaka madaktari wa nchi nyingi waliyatoa hata yakiwa mazima, ati kuzuia matatizo ya baadaye. Uingereza iliachana na mtindo huo mwaka 2000, taasisi yao ya NICE iliposema jino lisilo na ugonjwa liachwe, kwa sababu upasuaji nao una hatari zake. Ufizi ukivimba mara moja kwa kiasi, hutibiwa na kungojwa. Ukirudia mara ya pili, hapo kuna sababu ya kulitoa. Mie nilikuwa mara ya tatu. Yale mawili ya juu akasema tuyaache. Mtu akitaka kukung'oa yote manne kwa mkupuo bila kukuonyesha picha na sababu, muulize maswali. Na kama humjui, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lina orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yake. Haichukui dakika tano.

Kisha akaniambia hatari. Ndani ya taya la chini hupita neva inayoleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu, na mizizi ya jino la mwisho wakati mwingine huikaribia au hata kuigusa. Kuna nyingine kando ya ulimi. Zikisumbuliwa, mtu anaweza kubaki na ganzi. Kwa wengi hisia hurudi baada ya wiki au miezi. Kwa wachache hairudi. Alinionyesha kwenye picha mistari miwili myembamba ya njia ya neva, na nafasi iliyokuwepo kati yake na mizizi yangu. Nilishukuru kwa kuonyeshwa. Karatasi ya kukubali upasuaji ina maana tu kama umeelewa unachokubali.

Bei: 18,000, ukiacha dawa. SHA, ile bima iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, sikuwa nimeilipia. Sisi tusio na mshahara inatutaka tutoe mchango wa mwaka mzima, usiopungua 300 kwa mwezi, na mie mwaka mzima huo nilikuwa nausogeza mbele. Kama umejiandikisha, uliza kabla ya kukaa kwenye kiti: wanaipokea hapa? Inalipa nini kwa upande wa meno? Mie sikuwa na swali la kuuliza. Nilikuwa na karo.

Nilitaka kwenda peke yangu. Daktari akasema njoo na mtu, kwa sababu safari ni ndefu na unaweza kutoka damu au kuishiwa nguvu njiani. Nilimwambia mama nikijua atasema atakuja. Alikuja na kanga mbili, chupa ya maji, na radio ya simu masikioni. Wiki hiyohiyo, mwanzoni mwa Novemba, mgomo wa wahadhiri ulikuwa umeisha.

Ndani ya chumba daktari alianza na maswali. Una pumu? Vidonda vya tumbo? Presha, kisukari? Una selimundu? Kwetu Kilifi hilo si swali la kupita tu, familia nyingi zina mtu. Unatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi? Unavuta sigara? Unatafuna muguka? Mama alijibu mengine kabla yangu, kwa fahari, kama anajaza fomu ya shule: hapana, hapana, wala.

"Unatumia vidonge vya kupanga uzazi?"

Mama akageukia bango la ukutani lenye picha ya mswaki.

"Hapana," nikasema.

Nilikuwa navitumia. Miaka miwili.

Huenda wewe ungesema kweli. Mie nilikuwa na uongo mmoja mkubwa ndani ya chumba kile tayari, na huu mdogo ukateleza kwa urahisi kama mate. Nakuambia kwa faida yako: daktari hakuulizi ili akuhukumu. Na una haki ya kusema, "Daktari, naomba tuzungumze wawili." Mama angetoka. Angenung'unika, lakini angetoka.

Upasuaji wenyewe ndio sehemu watu wengi huogopa, na ndio ulikuwa rahisi kuliko yote. Sindano mbili tatu za ganzi, zinauma kama kung'atwa na siafu, kisha unangoja. Mdomo wa chini ukawa mzito, nusu ya ulimi ikapotea. Daktari akanigusa kwa ncha ya chombo: unasikia? Akaniambia maneno ambayo nayarudia kwa kila rafiki: "Utasikia kusukumwa, utasikia sauti, hutakiwi kusikia maumivu. Ukisikia maumivu inua mkono, nasimama." Niliinua mkono mara moja, akasimama, akaongeza ganzi. Hakuna tuzo ya kuvumilia.

Alipasua ufizi kidogo, akapunguza mfupa, akalikata jino vipande viwili ili atoe kimoja kimoja. Sauti ya mashine ndani ya fuvu ni kama fundi seremala anafanya kazi chumba cha pili. Dakika kama 40. Akashona kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe kwa wiki moja au mbili, akaweka kipande cha bandeji kilichokunjwa juu ya shimo, akasema: uma kwa nguvu, saa nzima, usiongee.

Halafu akampa mama maagizo, kwa kuwa mie nilikuwa sina mdomo. Mama aliyapokea kama mtu anayepokea mzigo wa mayai.

Asiteme mate. Ayameze. Asisukutue leo, ataanza kesho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, polepole, ayaache yadondoke yenyewe. Asinywe kwa mrija, hata dafu anywe kwa kikombe. Barafu kwenye shavu leo, iwekwe na kuondolewa. Chakula laini kisicho moto. Asivute, asitafune muguka, asifanye kazi nzito. Uvimbe utaongezeka siku ya pili na ya tatu kabla ya kupungua, usishtuke. Damu kidogo kwenye mate ni kawaida. Ikiwa inajaa mdomo, aume bandeji nyingine kwa nusu saa, na isiposimama mje au mpige simu. Na dawa ya maumivu ameze kabla ganzi haijaisha, asingoje.

"Hii ya kuteteme ndiyo wanaikosea," daktari akamalizia, akaona amejikwaa, wakacheka wawili. "Ya kutotema. Shimo linajazwa na donge la damu. Hilo donge ndilo kidonda kinajifunikia. Akinyonya au akitema kwa nguvu, linang'oka."

Tulipata viti vya nyuma kwenye matatu. Nilikaa dirishani na shavu langu, mama akatoa spika za masikio. Tulipovuka Tezo akaanza.

"Sasa mgomo umeisha."

Nikauma bandeji.

"Ukipumzika wiki hii, wiki ijayo unarudi. Basi la usiku ni bei gani siku hizi? Wale wa chama wananiuliza, nawaambia mtoto yuko mwaka wa mwisho. Si ni mwaka wa mwisho huu?"

Nilitoa simu. Sijui kama ningekuwa na mdomo ningefanya hivyo. Nadhani ningesema "eeh mama" na safari ingeendelea. Lakini kuandika ndiyo kazi ninayoijua. Nikaandika kwenye sehemu ya ujumbe, bila kutuma, nikampa simu aisome hapo hapo: Mama, sisomi tena. Niliacha Januari. Karo ya Agosti ninayo, nimetoa ya jino. Nisamehe.

Mama husoma polepole. Alitoa miwani kwenye mkoba, akasoma, akaiweka simu mapajani, akaichukua akasoma tena. Matatu ilisimama Matsangoni, mtu akashuka na kuku wake. Mdomo wangu ulikuwa umejaa mate na damu, mashavu yamefura, sikuwa na pa kuyapeleka. Nikaanza kutafuta mfuko.

"Meza," akasema, bila kuniangalia. "Umeambiwa usiteme."

Nikameza. Hakusema neno jingine mpaka Malindi.

Siku tatu zilizofuata alinihudumia bila kuongea nami. Uji wa baridi asubuhi. Ndizi mbivu za nazi zilizopondwa. Mchana akamtuma mtoto wa jirani aniletee aiskrimu ya Kitaliano, kile kikombe kidogo cha bei ghali ambacho sisi wenyeji hatununui, akakiweka kando yangu na kijiko, akatoka. Barafu kwenye kitambaa, kila alipoona imeyeyuka alibadilisha. Kama alivyosema daktari, uvimbe ulipanda mpaka siku ya tatu, nikafanana na mtu aliyeficha chungwa shavuni, kisha ukaanza kushuka. Nikasema nimepona.

Usiku wa siku ya nne nikaamka na maumivu ambayo sikuwahi kuyajua. Hayakuwa kwenye shimo tu. Yalipanda sikioni, yakashika upande wote wa kichwa. Mdomo ulinuka, ladha mbaya kama chuma kilicholowa. Dawa niliyokuwa nayo ilikuwa kama kumimina maji baharini.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Nikaenda jikoni nikamkuta mama anakanda unga, kama kila siku saa hiyo. Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi. Akaendelea kukanda.

"Ngapi zimebaki?" akauliza.

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza.

Nikahesabu kwa vidole. Picha 2,500, upasuaji 18,000, dawa 1,900. Zilibaki 17,600.

"Unajua hizo si zangu," akasema. "Nilikopa chama. Wanawake kumi na wawili. Nilisimama nikasema mtoto wangu anamaliza." Alifunika unga kwa kitambaa. "Kuacha chuo ningekupigia kelele, basi yakaisha. Lakini mie nimesimama mbele za watu na maneno yako."

Sikuwa na jibu. Nililia, na kulia kwa taya lile kuliuma vibaya sana, akanipa maji ya uvuguvugu na chumvi. Alfajiri nikapanda matatu kwenda Kilifi peke yangu.

Daktari hakuhitaji kuangalia sana. Donge la damu lilikuwa limetoka kabla ya wakati wake na mfupa ndani ya shimo ulikuwa wazi. Hutokea zaidi kwa meno ya mwisho ya chini, alisema, na kwa kawaida maumivu huanza siku chache baada ya kung'oa, wakati mtu anadhani ameshapona. Wavutaji sigara wako hatarini zaidi. Pia wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi.

"Natumia," nikasema. "Siku ile nilikudanganya."

Hakushangaa. Aliniambia hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba ni hivyo vidonge, watu hupata tatizo hili bila sababu yoyote inayojulikana. Lakini angejua, angenionya mapema dalili za kuangalia, na nisingekaa usiku kucha nikimeza dawa zisizosaidia. Akasafisha shimo, akajaza dawa fulani. Harufu yake niliijua kabla haijafika mdomoni.

"Karafuu?"

"Ndiyo. Yujenoli, inatoka kwenye mafuta ya karafuu."

Nyanya aliyesoma madrasa tu, na daktari wa miaka mingi ya chuo, wanatumia mti mmoja. Tofauti ni kipimo na mahali. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa yanaweza kuunguza ufizi, na kwenye kidonda kipya hutakiwi kuweka kitu chochote wewe mwenyewe, si karafuu, si kidonge cha aspirini kilichosagwa. Ndani ya nusu saa maumivu yalikuwa yamepungua hivi kwamba nilisinzia kwenye benchi. Shilingi 1,500.

Kabla sijatoka akanisomesha lile somo la mwisho, na ndilo kubwa kuliko yote, kwa hiyo usilipite. Maumivu ya shimo kavu ni mabaya lakini hayaui. Kinachoua ni maambukizi ya jino yanayoshuka shingoni. Ukiona uvimbe chini ya taya unaoenea, ulimi unainuliwa, unashindwa kumeza hata mate, sauti inabadilika au pumzi inakuwa ngumu, usingoje asubuhi, usiende duka la dawa. Nenda hospitali yenye huduma ya dharura saa hiyo hiyo. Nilifikiria zile mara mbili nilizojiona mjanja na vidonge vya rangi mbili.

Niliporudi nyumbani nilimtumia mama zote zilizobaki, 16,100. Simu yake ililia jikoni, nikasikia akiisoma. Kisha nikamtumia ujumbe kwamba 23,900 zilizotumika nitazilipa 2,500 kila ninapolipwa, na nikamwomba anipeleke kwenye kikao cha chama nikaseme mwenyewe. Alikataa hilo la pili. Alisema atalisema yeye, kwa wakati wake, kwa maneno yake. Alilisema mwezi wa Desemba. Sijui alisemaje na sijauliza.

Hatujarudi kuwa kama zamani. Bado akinisikia naongea na simu chumbani husimama kidogo mlangoni, kama anapima kama ninasema kweli. Lakini nikisema naenda kuonana na mteja Casuarina, sasa huniuliza mteja gani, anataka nini, analipa ngapi. Zamani hakuuliza. Nadhani alikuwa anangoja nimalize chuo ndipo nianze kuwa na kazi ya kuulizwa.

Shimo limefunga. Hisia ya mdomo ipo yote. Mahamri nakula kwa pande zote mbili. Yale meno mawili ya juu yametulia, nayachungulia kwenye kioo kila mwezi, na mwaka huu nimeanza kulipa SHA.

Nimeshalipa mara saba. Zimebaki 6,400. Malipo ya makala hii yakiingia, zitabaki 3,900.